Sumaku imekuwa unga: jibu kwa fundi wa Mikindani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Mikindani, Mtwara. Kwenye hadi diski za kompyuta mbovu huwa natoa sumaku ndogo zinazong'aa, zina nguvu ya ajabu, na nimeshakusanya za kutosha. Mambo mawili yamenishinda. Zile nilizoacha kwenye kopo dirishani, upande wa bahari, zimevimba, ngozi imebanduka na ndani ni unga wa kijivu. Halafu kuna moja niliipasha moto wa gesi ili ibanduke kwenye bati lake. Ilitoka nzima, lakini sasa haivuti hata sindano. Ninayo pia mota ya gurudumu la baiskeli ya umeme. Sumaku hizi ni kitu gani hasa? Naweza kuzitumia kutengeneza umeme wa upepo kwa ajili ya taa za wavuvi? Na ni kweli zina madini adimu ya kuuza?

JIBU: Marahaba, fundi. Sumaku zako zimekufa vifo viwili tofauti, kimoja cha chumvi na kingine cha moto, na vyote vinaelezeka ukishajua ndani yake kuna nini. Nitakwenda kwa kirefu, kwa sababu mafundi wa pwani ya kusini mnazidi kukutana na sumaku hizi. Zimo kwenye spika za simu, kwenye mota za pikipiki za umeme, kwenye vifaa vingi vidogo vya betri, na karibu kila anayezifungua anazitendea kama zile sumaku nyeusi za spika za zamani. Ni kitu kingine kabisa.

Ile nyeusi ya spika kubwa ni feraiti, yaani oksaidi ya chuma iliyochanganywa na strontiamu au bariamu na kuchomwa kwenye tanuri mpaka ikawa kigae. Hizo zako zinazong'aa ni za neodimiamu (mojawapo ya hayo madini adimu uliyoyauliza), chuma na boroni. Wanakemia huandika Nd2Fe14B: kwa kila atomi mbili za neodimiamu kuna kumi na nne za chuma na moja ya boroni. Ukizipima kwa uzito, chuma ni karibu asilimia 72, neodimiamu karibu 27, na boroni asilimia moja tu. Sumaku inayouzwa dukani hutiwa neodimiamu kuzidi kidogo hesabu hiyo, na hiyo ziada ndiyo iliyokuharibia kopo zima. Nitaifikia.

Kwanza ielewe kampaundi yenyewe. Si mchanganyiko wa metali kama brasi, ile shaba yenye zinki ya koki za maji, ambako atomi ya zinki inaweza kukaa popote penye nafasi ya atomi ya shaba. Hapa kila atomi ina kiti chake na haikai kwingine. Fuwele moja ndogo kabisa ya Nd2Fe14B ina atomi 68 zilizopangwa katika umbo la mche wenye kitako cha mraba, na mche huo ni mrefu kwenda juu kuliko upana wake. Upande huo mrefu ndio muhimu. Usumaku hupenda kuelekea upande huo, juu au chini, na hukataa kulala ubavu.

Kazi zimegawanywa. Nguvu ya kuvuta unayoihisi mkononi inatoka kwa wingi kwenye chuma. Lakini chuma peke yake ni kisahaulifu: ukisugua msumari kwa sumaku unashika sindano kwa muda, ukiugonga gonga unasahau. Neodimiamu ndiyo inayozuia kusahau. Elektroni zake za ndani zimekaa katika wingu lililobonyea, si la duara, na wingu hilo linapozungukwa na atomi nyingine kwenye fuwele linabaki na mkao mmoja tu unaolifaa. Kwa kuwa usumaku wa neodimiamu umefungamana na wa chuma, chuma chote kinalazimika kuangalia upande uleule. Chuma ni mashua, neodimiamu ni nanga.

Boroni watu huidharau kwa uchache wake. Ukiiondoa unapata kampaundi nyingine, Nd2Fe17, ambayo usumaku wake huvunjika ukifika takriban 57°C, na hata kabla ya hapo haina ule upande mmoja wa kung'ang'ania. Ukiitia boroni, fuwele inajipanga upya na kikomo kinapanda hadi 312°C. Asilimia moja ya uzito ndiyo inayotenganisha kitu kisicho na kazi na sumaku yenye nguvu kuliko zote zinazouzwa.

Na cha kushangaza, neodimiamu safi ukiiweka mezani kwako haivutwi kwa namna ambayo mkono wako utaihisi. Kwa hiyo ukipitisha sumaku kwenye mchanga ikatoka na chembe nyeusi zimening'inia, hizo ni oksaidi za chuma. Nimesikia vijana wakiambiana kwamba hiyo ndiyo dalili ya madini adimu. Siyo, na yeyote anayeuza mchanga kwa kipimo hicho anamdanganya mwenzake.

Afrika imo katika kuzaliwa kwa sumaku hii kwa njia ambayo wengi hawaijui. Kabla yake, sumaku kali kuliko zote ilikuwa ya samariamu na kobalti, kazi iliyoanza miaka ya 1960 huko Marekani na Karl Strnat na wenzake. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), jimbo la Shaba, yaani Katanga. Mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, bei ya kobalti ikapanda vibaya, na viwanda vikaanza kutafuta sumaku isiyo na kobalti. Chuma kilikuwa rahisi na kipo kila mahali. Tatizo lilikuwa kukipatia nanga. John Croat wa General Motors huko Marekani, na Masato Sagawa wa Sumitomo Special Metals huko Japani, kila mmoja kwa njia yake, wakaangukia kampaundi ileile na kuitangaza mwaka 1983. Croat aliyeyusha metali na kuipoza ghafla ikawa utepe mwembamba. Sagawa alisaga, akakandamiza unga ndani ya uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika) ili chembe zote zielekee upande mmoja, kisha akaoka. Sumaku za hadi diski zako kwa kawaida hutengenezwa kwa njia ya Sagawa.

Njia hiyo inakuhusu moja kwa moja, kwa sababu sumaku yako si kipande kimoja cha metali. Ni mamilioni ya chembe, kila moja na upana wa maikromita tano hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zilizogandishwa pamoja kwenye tanuri la zaidi ya 1000°C. Ili zishikamane bila kuambukizana, kiwandani huongeza ile neodimiamu ya ziada niliyoitaja. Kwenye moto inayeyuka na kujipenyeza kati ya chembe na chembe, kila moja ikabaki imezungukwa na utando mwembamba sana. Utando huo una kazi kubwa: chembe moja ikishindwa na kugeuza mwelekeo, utando unazuia jirani yake asigeuke naye. Bila huo, nguvu ya kung'ang'ania ingeporomoka.

Sasa njoo kwenye kopo la dirishani. Utando huo una neodimiamu nyingi, na neodimiamu ni metali yenye pupa ya maji na oksijeni. Ngozi ya nikeli ikiwa nzima, hakuna tatizo. Ngozi hiyo kwa kawaida ni tabaka la nikeli, la shaba, kisha nikeli tena, na unene wote ni kama maikromita kumi hadi ishirini. Pengine uliikwaruza ulipozibandua. Hata pembe iliyogongana na sumaku nyingine ndani ya kopo inatosha. Upepo wa bahari ukaleta unyevu wenye chumvi, ukaingia kwenye mkwaruzo, na hapo nikeli yenyewe ikageuka adui: nikeli na sumaku vikiwa vimelowa maji chumvi pamoja vinakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni sumaku. Maji yanaushambulia utando kati ya chembe, neodimiamu inageuka hidroksaidi na kutoa haidrojeni. Haidrojeni inaingia ndani zaidi na kuitanua metali. Ngozi inavimba, inapasuka, maji yanaingia zaidi.

Ule unga wa kijivu, ukiutazama kwa lenzi ile unayosomea namba za vipuri, utaona bado una punje zinazometa, na ukisogeza sumaku nzima unasimama wima kama nywele. Hiyo ni kwa sababu nyingi ya chembe zenyewe bado ni Nd2Fe14B. Kilicholiwa ni saruji iliyozishika. Usiuguse kwa mikono mitupu, usiupulize, na usiuweke karibu na moto. Unga mkavu na laini wa sumaku hii unaweza kuwaka wenyewe hewani. Kwa sababu hiyohiyo usiitoboe sumaku kwa drili wala kuipitisha kwenye grenda. Cheche zake si za chuma cha kawaida, na kipande kikishaparuzwa hakina tena ngozi ya kukilinda.

Ile ya moto wa gesi ilikufa kifo kingine. Kila sumaku ina kikomo cha joto ambacho ukikivuka mpangilio wa ndani unavurugika wote, kinaitwa joto la Curie, na kwa kampaundi hii ni 312°C. Moto wa gesi unavuka hapo kwa sekunde chache. Hata ncha ya pasi ya lehemu, ambayo wengi huiweka karibu 350°C, imeshapita. Kwa hiyo usilehemu waya juu ya sumaku, hata mara moja.

Ila hatari ya kila siku iko chini sana ya 312. Sumaku ya kawaida isiyo na herufi baada ya namba yake, mfano N42, huhesabiwa kuwa salama hadi 80°C tu. Ikiwa na M ni 100, H ni 120, SH ni 150, na zinaendelea kupanda. Namba yenyewe inaeleza nguvu. Ikiwa kubwa zaidi, sumaku ni kali zaidi. Katika kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, nguvu ya kuvuta inapungua kwa takriban asilimia 0.11, ambayo ni ndogo na inarudi ikipoa. Uwezo wa kung'ang'ania ndio unaoporomoka, kama asilimia 0.6 kwa kila nyuzi. Ukitoka 20 hadi 80, umeshapoteza zaidi ya theluthi moja ya huo uwezo. Hapo sumaku nyembamba iliyo peke yake inaweza kujipunguza yenyewe, na kilichopungua hakirudi ikipoa. Boksi la chuma lililopakwa rangi nyeusi likikaa juani Mtwara mchana linaweza kupita 60°C kabla mota haijafanya kazi yoyote.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wazuri hawalijui. Lile bati ulilolipasha moto si kishikizo tu. Ni chuma laini kinachorudisha uga wa sumaku na kuipunguzia mzigo. Sumaku ikiwa juu ya bati lake inastahimili joto na misukosuko kuliko ikiwa uchi. Kwa hiyo kama kazi inaruhusu, iache na bati lake. Kama lazima itoke, bana ncha moja ya bati kwenye jiliwa, shika ncha nyingine kwa koleo na ulikunje taratibu kuelekea upande usio na sumaku. Gundi inaachia yenyewe. Vaa miwani ya kazi, maana sumaku hizi ni ngumu lakini ni rahisi kupasuka kama kigae chochote, na mbili zikirukiana zinatupa vipande.

Je, iliyopoteza nguvu inaweza kurudishiwa? Kiwandani ndiyo, kama fuwele haijaungua, kwa kupigwa uga wa karibu tesla tatu (tesla ni kipimo cha ukali wa uga) kwa kufumba na kufumbua. Kuisugua kwa sumaku nyingine hakutoshi. Na nakusihi usijaribu kutengeneza kifaa hicho kwa kapasita za volti kubwa. Kapasita za namna hiyo zimeua mafundi wenye uzoefu, na sumaku moja ya hadi diski haina thamani ya roho.

Kiwandani, dawa ya joto ni kutia kidogo disprosiamu au terbiamu, ambazo nazo ni za kundi la madini adimu, mahali pa neodimiamu. Nanga inakuwa nzito zaidi. Lakini usumaku wa metali hizo unaelekea upande wa kinyume na wa chuma, tofauti na wa neodimiamu ambao unakwenda pamoja nao, kwa hiyo ukiongeza ustahimilivu wa joto unapunguza nguvu ya kuvuta. Hakuna namba kubwa na herufi kubwa kwa pamoja bila gharama. Na disprosiamu ni adimu na ghali kweli kuliko neodimiamu; Aprili 2025 China iliweka masharti ya vibali kwa kusafirisha nje madini kadhaa ya kundi hili, yakiwemo disprosiamu, terbiamu na samariamu, na viwanda vya magari vya nchi nyingi vikahaha.

Sasa upepo. Sumaku za hadi diski zako usizitumie, na nakuambia sababu ambayo haionekani kwa macho. Chukua moja, ifunike kwa karatasi na nyunyiza vumbi la chuma (si ule unga). Utaona mstari katikati. Uso mmoja wa sumaku ya hadi diski una kaskazini upande huu na kusini upande ule, bega kwa bega, kwa sababu ndivyo mkono wa kusomea diski unavyotaka. Jenereta ya kutengeneza kwa mikono inataka sumaku zinazofanana, uso mzima ukiwa ncha moja, zikipishana kaskazini na kusini kuzunguka sahani. Ukipanga za hadi diski, zilizopinda na kila moja na ukubwa wake, koili moja itapata misukumo inayofutana. Utazungusha kwa nguvu nyingi upate umeme kidogo.

Unayo mali bora: mota ya gurudumu. Usiifungue! Hiyo tayari ni jenereta. Ndani yake kuna sumaku za neodimiamu zilizopangwa vizuri kwenye pete ya chuma, zimefunikwa, na koili zimeshasukwa. Kitu cha kuhakikisha kwanza ni kama ina gia. Ile yenye gia huwa na kifaa cha kuachia upande mmoja, kwa hiyo ukizungusha gurudumu mota ya ndani haizunguki nalo. Isiyo na gia ni nzito na pana, na ukigusanisha nyaya zake tatu nene kisha ukazungusha, utahisi inagoma mkononi. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Nyaya hizo tatu zipitishe kwenye daraja la dayodi sita, upate umeme wa kuchajia betri. Volti inakwenda sambamba na mzunguko. Kwa makadirio, mota ya volti 48 inayokimbia mizunguko 500 kwa dakika, ukiizungusha 150 itakupa volti kama 14, hapo ndipo betri ya volti 12 inaanza kukubali. Mapanga yenye kipenyo cha mita moja na nusu au mbili yanaweza kufika mzunguko huo kwenye upepo mzuri wa kusi. Weka fyuzi karibu na betri, na weka swichi ya kugusanisha nyaya tatu pamoja, maana hiyo ndiyo breki yako, na uifunge kabla upepo haujachachamaa. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nane. Mapanga yakikimbia bila mzigo wala breki yatavunjika na kuruka.

Na hapa nakuambia msimamo wangu bila kuficha. Kwa taa za wavuvi wa dagaa, ningeanza na paneli ya jua. Mtwara na Lindi jua halina deni kwa mtu, paneli haina kitu kinachozunguka wala sumaku ya kuliwa na chumvi. Upepo uwe wa kusaidia, hasa miezi ya kusi, usiku betri zinapokuwa zimechoka, na mtambo usimame nchi kavu kwenye nguzo, si chomboni. Sumaku kali chomboni inapotosha dira, na mvuvi anayerudi gizani akiamini dira iliyopotoka yuko hatarini. Hata sumaku moja ya hadi diski ikikaa sanduku moja na dira inatosha kuiharibia usomaji.

Ikiwa siku moja utaamua kujenga jenereta yako kuanzia sahani na koili, kama ambavyo watu wengi duniani wamejenga kwa kufuata michoro ya Hugh Piggott wa Uskoti, fikiria feraiti kwanza. Najua ni dhaifu. Uga inaobakiza ni kama tesla 0.4 wakati neodimiamu ina 1.2 hadi 1.4, kwa hiyo mashine itakuwa kubwa na nzito. Lakini feraiti tayari ni oksaidi. Chumvi haina cha kula. Joto la mchana haliitishi, bali baridi kali ndiyo inayoipunguzia ustahimilivu, na Mtwara hatuna baridi hiyo. Wajenzi wa mitambo ya neodimiamu kwenye pwani nyingi wamekutana na kisa hichohicho cha kopo lako, ila ndani ya sahani iliyomiminiwa rezini: maji yanapenya polepole, sumaku inavimba, uso wa sahani unanyanyuka milimita moja, mbili, kisha unaanza kusugua koili. Mtambo unasimama na fundi anadhani beringi ndizo zimekufa.

Kama lazima iwe neodimiamu, fanya hivi. Nunua zilizopakwa epoksi au zenye zinki, au zenye nikeli isiyo na doa, na zikague kwa lenzi moja moja. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, kausha kabisa kivulini, kisha zifunike zote kwa epoksi kabla ya kumimina rezini. Zisigongane. Kila baada ya msimu geuza sahani kwa mkono usikilize na uangalie nafasi kati yake na koili.

Za hadi diski zilizobaki nzima zina kazi nyingi ndogo zinazozifaa: kushikia bisibisi ukutani, kuokota skrubu iliyoanguka, kutafuta misumari kwenye mbao kuukuu kabla ya msumeno. Hapo Mtwara kuna kazi moja kubwa ninayoipenda. Viwanda vya kubangua korosho huweka sumaku za neodimiamu ndani ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu, korosho zikapita juu yake, na vipande vya chuma, pini na kutu vikabaki. Kikundi cha akina mama wanaobangua kwa mikono kinaweza kutengenezewa kitu kama hicho kwa gharama ndogo. Sharti ni moja: sumaku isiguse chakula kamwe, iwe ndani ya bomba lililozibwa ncha zote. Na uwaambie ukweli kwamba haitakamata jiwe, wala aina nyingi za chuma kisichoshika kutu. Macho ya mchambuzi bado yanahitajika.

Kampaundi hii ina ndugu zake, na nitawataja kwa haraka. Ile ya samariamu na kobalti bado hutumika penye joto kali, kwa kuwa joto lake la Curie liko juu ya 700°C na haisumbuliwi sana na kutu. Kuna ya terbiamu, disprosiamu na chuma inayorefuka inapowekwa kwenye uga wa sumaku, ikatumika kwenye vyombo vya kupiga mawimbi ya sauti chini ya maji. Na kuna za gadoliniamu, mojawapo yenye silikoni na jerimaniamu iliyotangazwa mwaka 1997 na Pecharsky na Gschneidner wa Maabara ya Ames huko Marekani, ambazo hupata joto zikiingizwa kwenye uga na kupoa zikitolewa. Kwa mji unaohangaika na barafu ya samaki, friji isiyo na gesi ni jambo la kutamanisha. Majaribio yapo, lakini usimpe mtu pesa akikwambia anayo ya kuuza sokoni Mtwara.

Kuhusu kuuza. Neodimiamu kwa kweli si adimu hivyo. Kwenye gamba la dunia ni nyingi kuliko risasi. Ugumu uko kwenye kuitenga na ndugu zake, maana kikemia wanafanana mno na inabidi kuwapitisha kwenye hatua nyingi sana za vimiminika. Tanzania tunayo akiba kubwa kwenye kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, na neodimiamu na ndugu yake praseodimiamu ndizo zinazoifanya iwe na thamani. Lakini sumaku yako ya hadi diski ni gramu chache, theluthi moja tu ndiyo madini hayo, na kuyatoa kunahitaji mitambo. Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza wametengeneza njia ya kuingiza haidrojeni kwenye hadi diski nzima mpaka sumaku ikageuka unga wa kutengenezea sumaku mpya. Ni jambo lilelile lililotokea dirishani kwako, ila wao wamelidhibiti, bila chumvi wala oksijeni. Kwa fundi mmoja, sumaku nzima inayofanya kazi ina bei kuliko metali iliyomo ndani yake. Zilizokufa zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, usizichome, na ukipata mnunuzi wa vyuma chakavu vya elektroniki mwambie wazi kilichomo.

Watoto wasizifikie kabisa. Mtoto akimeza mbili, zinavutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kuubana mpaka unatoboka. Mzazi akihisi jambo hilo asisubiri zitoke, aende hospitali saa hiyohiyo na aseme ni sumaku. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo naye asizisogeze kifuani.

Sasa kazi yako: angalia kama mota ina gia, izungushe kwa mkono taratibu huku mtu akihesabu mizunguko kwa dakika, na upime volti ya mkondo geu (AC) kati ya waya na waya, jozi zote tatu. Zikikaribiana, mota ni nzima. Niandikie namba hizo pamoja na urefu wa mahali unapotaka kusimamisha nguzo, nikusaidie kukadiria mapanga.